Safu za Baba

Baba yangu alikuwa anafuma vibaya. Nasema hivyo kwa heshima zote, na yeye mwenyewe asingebisha. Vitanzi vyake vilikuwa vidogo, vimekazwa kama nati za geti, na pale ambapo sindano ya mama iliteleza yenyewe, ya baba ililia. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti, vitanda, fremu za madirisha, vyote vilitoka mkononi mwake vimenyooka, na mtaa mzima ulimwita Cheche. Chuma kilimtii. Uzi wa sufu ulimkatalia katakata.

Mfumaji wa nyumba alikuwa mama. Sebule yetu yote imepita mikononi mwake: vitambaa vya makochi, kifuniko cha redio, kizulia cha mlangoni kilichosukwa kwa mabaki ya nguo. Kitandani kwangu kuna mfarishi wa viraka, na kila ninapoutandika naliona gauni langu la chekechea limelala ubavuni mwa suruali ya kazini ya baba. Kwetu hakuna uzi unaotupwa. Sweta likikubana, mama alilifumua, akaupata uzi wake, akafuma jingine.

Ila uzi uliofumuliwa una tabu yake. Hutoka umejikunjakunja, umeshika sura ya vitanzi ulivyokaa, na ukiufuma hivyo hivyo kazi inakuwa na makunyanzi. Lazima uloweshwe, ukamuliwe, utundikwe na kitu kizito chini mpaka unyooke. Hicho kitu kizito alikitengeneza baba, kulabu ya chuma yenye kipande cha nondo. Na wakati mama anakunja donge, ni baba aliyekaa mbele yake mikono imenyooshwa, uzi umemzunguka viganjani.

"Nimefungwa bila kesi," alikuwa akisema.

"Kesi unayo," mama alimjibu. "Tulia."

Walisema maneno hayo hayo miaka yote ya ndoa yao na hawakuyachoka. Sisi tuliosikiliza ndio tulichoka.

Kisha macho ya mama yakaanza kwenda. Presha ya macho, daktari alituambia. Kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa ni za kulinda kilichobaki. Mama alisikiliza, akashukuru. Jioni alikaa kwenye kochi lake karibu na dirisha, akashika sindano, akasema bila kumtazama mtu:

"Siku nikianza kuharibu kazi, naziweka chini. Sitaki kufuma vitu vya kuonewa huruma."

Mama akisema jambo la namna hiyo, hatanii. Aliwahi kuacha sukari kwenye chai kwa sababu baba alisema hawezi, na mpaka leo hajairudia.

Mwezi uliofuata mimi nikamwambia kwamba nina mimba. Mtoto wa kwanza, baada ya kungoja sana, na mama alilia, akacheka, akaomba apelekwe dukani kununua uzi. Alichagua rangi ya maziwa kwa sababu, alisema, nyeupe anaiona bado. Blanketi la mjukuu. Hakusema kwamba litakuwa la mwisho. Wote tulijua.

Hapa niseme kidogo habari zangu. Mimi ni msusi. Naishi na mume wangu, dereva wa lori, katika vyumba vya uani kwa wazazi wangu, na kazi yangu naifanya barazani. Sina subira. Wateja wanavumilia mdomo wangu kwa sababu nywele zinatoka vizuri. Lakini kitu kimoja nakijua sawasawa, nacho ni mkono wa mtu. Nipe kichwa kilichosukwa na watu wawili, nitakuonyesha wa kwanza aliishia wapi na wa pili alianzia wapi. Kila mkono una kuvuta kwake.

Ndiyo maana siku moja, nikimsogezea mama kapu lake, niliona kwenye blanketi kitu kilichonifanya niinamie karibu. Katikati ya vitanzi vya mama, vilivyolegea vizuri, palikuwa na vidogo, vimebanwa, kama vinaona haya. Viwili hapa, vitatu pale. Mahali pengine nusu safu nzima. Wa nyumba hii tulikuwa wanne, na mume wangu alikuwa safarini.

Nilimfumania baba mchana, mama amelala baada ya chakula. Karakana ya baba imeegemea ukuta wa nyumba. Mlango ulikuwa umerudishwa, jambo lisilo la kawaida, na mashine iko kimya. Nikasukuma. Baba alikuwa ameketi kwenye stuli, kinga ya uso ameipandisha kipajini, blanketi limelala mapajani juu ya taulo safi ili lisishike masizi. Ulimi ameutoa kidogo pembeni ya mdomo.

"Ingia au toka," alisema. "Lakini mlango ufunge."

Niliingia. "Baba, unafanya nini?"

"Unaona ninachofanya. Kitanzi kimemponyoka huku chini, kimeshuka kama panya kwenye bomba. Nakipandisha."

"Nani kakufundisha?"

"Nimekaa mbele ya yule mwanamke nimefungwa mikono miaka yote. Nilikuwa natazama nini, dari?" Alikivuta kitanzi juu, akakikaza, akakikaza tena. Kisha akaniangalia, na sura yake haikuwa ya utani hata chembe. "Usimwambie. Akijua anaharibu, ataacha. Na akiacha, atakaa pale dirishani kutazama ukuta asiouona. Umenielewa?"

Nilielewa. Nikaitikia kwa kichwa.

"Haya, toka. Unanizibia mwanga."

Nikawa mshirika. Baba aliniuliza kwa jicho kama mama amelala, nami nilimjibu kwa kidevu. Nikiwa na mteja barazani, nilikuwa naisikia karakana ikinyamaza, na ndani ya kimya hicho nilijua kuna sindano inalia. Mkono ulipozoea, alianza kupata kiburi. Hakuishia kwenye kurekebisha. Aliongeza safu nzima, kisha safu mbili, eti mtoto asije akafika kabla ya blanketi lake.

Siri hiyo niliibeba vizuri mpaka asubuhi moja mama aliponiita nimchambulie uzi uliojifunga. Alikuwa anapitisha kidole gumba kwenye kazi, taratibu, kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho.

"Baba yako kakaza tena," alisema.

Nilibaki mdomo wazi.

"Funga mdomo, nzi wataingia," alisema, ingawa sidhani aliniona. "Ulidhani sijui? Mikono ya yule mtu naijua nikiwa usingizini. Nitashindwa kuijua kwenye uzi?"

"Tangu lini, mama?"

"Tangu kitanzi cha kwanza. Alikifunga kama geti." Alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka. "Niliumia siku ile. Sitakudanganya. Nilisema, basi, yamefika. Nikaziweka sindano kapuni nisizishike tena. Alasiri nikapapasa, nikakuta ameongeza vingine. Nikafikiria, huyu babu mzima anajifungia huko na mikono yake ile, kwa ajili yangu. Mimi ni nani niseme basi?"

"Sasa mbona humwambii kwamba unajua?"

"Nikimwambia, ataacha," mama alisema. "Siku hizi nikiona nimechoka, namwachia pale pagumu."

Nilirudi barazani nikamsuka mteja wangu upande mmoja mistari minane na upande wa pili saba, na alipolalamika nilimwambia ndiyo mtindo mpya. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi. Baba anamficha mama, mama anamficha baba, na mimi katikati nimebeba pande zote mbili, na tumboni mtoto anapiga teke.

Baba alifariki asubuhi ya siku ya kazi, karakanani, kabla hajawasha mashine. Moyo, daktari alisema. Mtu aliyekuja kuulizia dirisha lake alimkuta ameketi kwenye stuli, ameegemea ukuta, akadhani amesinzia. Watu walikuja, walikaa, walitushika mikono, walitupikia, waliondoka. Mama alikuwa kwenye kochi lake na mikono yake mapajani, imefunguka, haina kitu. Hiyo ndiyo iliyonichoma kuliko yote. Sikuwahi kuiona mikono ile mitupu.

Aliyeishika nyumba siku zile ni shangazi, dada mkubwa wa baba. Sisi watoto wa ukoo tulimpa jina la Nyoosha. Shangazi hawezi kupita mbele ya pazia lililokaa upande. Akikukumbatia, anakunyoosha kola. Alifuma masweta ya shule kwa maisha yake yote, na kazi yake unaweza kuipindua nje ndani usijue upi ni uso na upi ni mgongo. Alimlea baba tangu wakiwa wadogo, na kwa kuwa kulia mbele za watu aliona ni kujianika, alifagia. Alikunja mashuka yaliyokwisha kukunjwa. Alipanga vikombe kwa ukubwa. Nilimwona mara moja amesimama karakanani akizipanga koleo za baba ukutani, moja baada ya moja, na mabega yakimtetema, nikarudi kinyumenyume asinione.

Wageni walipokwisha na nyumba ikawa yetu tena, mama akanyoosha mkono.

"Niletee kapu."

Nililileta. Alipapasa. Akapapasa tena mpaka chini. Madonge yalikuwepo, mkasi ulikuwepo. Blanketi na sindano zake havikuwepo.

Mume wangu alikuwa mlangoni akifunga viatu; kesho yake alikuwa anarudi barabarani. "Si shangazi kalichukua," alisema. "Asubuhi hii. Kasema kuna safu zimeharibika, anataka azifumue akamilishe, wifi yake asijisumbue tena na macho yale."

Safu za mwisho, zile zilizokaa bado kwenye sindano, alizifuma baba alasiri ya kuamkia siku aliyokufa. Nilikuwa nimesikia karakana ikinyamaza. Hakuna kitu kingine alichokiacha mkono wake baada ya hapo. Kila geti alilochomelea liko kwa watu. Hicho ndicho tulichobaki nacho, na kilikuwa kwa mtu ambaye mkono wake haujawahi kuacha kitu kilichopinda kama ulivyokikuta.

"Nakwenda mbio," nilisema.

"Tunakwenda," mama alisema. "Nipe mkono."

Kwa shangazi si mbali. Ni barabara ya maduka, kona ya kinyozi, kisha uchochoro wenye ngazi za saruji. Lakini mimi nilikuwa na tumbo la mwezi wa mwisho, na mama kila ngazi aliitafuta kwa kidole cha mguu. Nilitaka kupiga kelele. Nilimlaani shangazi moyoni kwa maneno ambayo sitayaandika, nikamlaani kinyozi kwa kuweka benchi njiani. Mkono wa mama ulikuwa umenibana kiwiko mpaka kikauma.

Mlango wa shangazi ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake kilichonyooka, miwani imeshuka puani, blanketi mapajani. Sindano zimechomolewa, ziko mezani, sambamba kama reli. Uzi ulikuwa unatoka kwenye ukingo wa blanketi na kujilundika sakafuni, umejikunjakunja, rundo zima, na kando ya rundo beseni la maji ya uvuguvugu lilikuwa linangoja.

"Acha!" nilipiga kelele. "Shangazi, acha hapo hapo!"

Aliruka kwa mshtuko. Alipomwona mama nyuma yangu, uso ulimwiva kwa aibu. "Wifi. Sikutaka ujue. Nilitaka nikulinde tu, nikurudishie likiwa zuri. Wewe kufuma hivi si kosa lako, ni macho. Kuna mahali pamebanwa mno hata sindano haipiti, nikasema, masikini wifi yangu, anapigana na uzi kama..."

"Nipe," mama alisema.

Nilimwongoza mpaka kwenye kochi. Shangazi akamwekea blanketi mapajani, kwa uangalifu, vitanzi vya juu viko wazi havina sindano, vikisubiri kuponyoka. Mama alipitisha kidole gumba kwenye ukingo. Kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu.

"Bado yupo," alisema. "Kapunguka, lakini bado yupo hapa."

"Nani?" shangazi aliuliza.

"Hizi si safu zangu, wifi. Ni za mdogo wako."

Shangazi alinitazama mimi, akamtazama mama. Nadhani alidhani huzuni imempanda kichwani. "Mdogo wangu? Na sindano? Yule hawezi hata kufunga kifungo."

Ikabidi niseme mimi. Nilimweleza yote, karakana, taulo, ulimi nje ya mdomo, kitanzi kilichoshuka kama panya kwenye bomba. Kabla sijamaliza alikuwa anacheka, mkono kifuani, machozi yanamtoka, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akapiga magoti sakafuni mbele ya lile rundo. Aliukusanya uzi kwa mikono yote miwili.

"Nimemfumua," alisema. "Nimekaa hapa tangu asubuhi namfumua, na nilikuwa nanung'unika, nani huyu anakaza hivi. Mdogo wangu mwenyewe. Nimemlea mimi."

"Hukujua," mama alisema.

"Nitamrudisha. Subirini. Nitafuma kama alivyofuma yeye, vile vile." Alizichukua sindano, akavidaka vitanzi vyote bila kupoteza hata kimoja, na kwa uzi ule ule uliojikunja akaanza. Nilimtazama akijaribu. Alibana mdomo, akavuta, akakaza. Lakini mkono wake una maisha mazima ya kunyoosha, na kila kitanzi kilipotoka kwenye sindano kilikaa mahali pake kimetulia, sawa na mwenzake. Uzi ulikuwa na makunyanzi na bado safu yake ilinyooka. Mama aliigusa.

"Acha, wifi. Yako ni nzuri mno."

Shangazi alikiondoa kipande alichofuma bila kubisha. Nilimwonea huruma, mimi ambaye dakika chache kabla nilikuwa tayari kumrarua.

"Tufanye nini?" aliuliza. "Sema lolote nitafanya."

"Tunafunga hapa," mama alisema.

"Hapa? Halijafika hata robo tatu. Litakuwa fupi. Miguu ya mtoto itatokeza nje."

"Yeye aliishia hapa," mama alisema. "Sitaki mtu apite juu yake, wala mimi." Akaelekeza kidole mahali alipodhani rundo lilipo, na hakukosea sana. "Na huo uzi utamfumia soksi. Wewe ndiye bingwa wa soksi. Lakini usiufue. Uache na mikunjo yake."

Shangazi Nyoosha alilitazama lile beseni. Kisha aliliinua akaenda kumwaga maji nje, na aliporudi aliukunja uzi donge bila kuunyoosha hata mara moja. Najua ilivyomgharimu.

"Nifunge mimi?" aliuliza.

"Nitafunga mwenyewe."

Kufunga ni kupitisha kitanzi juu ya kitanzi mpaka kibaki kimoja, unakata uzi, unauvuta ndani yake, kazi imekwisha. Ni jambo dogo kwa anayeona. Mama alikaa wima, akaanza. Kwa mara ya kwanza tangu msiba mikono yake ilikuwa na kazi. Kila alipokutana na kitanzi cha baba, sindano ililia, na mama alisimama kidogo, akaendelea.

Karibu na mwisho kimoja kikamponyoka.

Nilikiona kikishuka. Shangazi alikiona. Mama naye alikihisi, kwa sababu mikono iliganda, na uso wake ukageuka kidogo upande wa mlango, ule mlango wa shangazi ambao hauelekei karakana yoyote. Alikaa hivyo, na mimi nikafahamu kwamba alikuwa anangoja, kama alivyozoea kungoja, na kwamba amekumbuka hakuna wa kumngoja. Machozi yalinitoka nikayaacha.

Shangazi alisogea akaketi kando yake. Alichukua ncha ya sindano ya pili, akainama juu ya mapaja ya wifi yake, akakivua kitanzi kule kilikokuwa, akakipandisha ngazi kwa ngazi mpaka juu. Akakirudisha kwenye safu. Kisha, yeye Nyoosha, akauvuta uzi. Akauvuta tena, kwa nguvu, mpaka ukingo ukajikunja.

Mama alipapasa mahali pale kwa kidole gumba.

"Umekaza," alisema.

"Nimekaza, wifi."

Mama akaendelea kufunga.